Bahasha Aliyoichana Kaka

Kaka yangu aliichana ile bahasha akiwa amesimama wima, shati limechomekwa vizuri na viatu vimefungwa kamba. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu upande wa pili wa chumba, nikamwuliza kama tuimbe na wimbo wa taifa kabisa. Hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa anasoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, na alipomaliza akanitafsiria bila kuulizwa. Karatasi ilisema kwamba ukishaichana bahasha, umekubali kila kitu kilichoandikwa pale. Kama hukubali, uirudishe dukani vile ilivyo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na disketi, na ndani ya disketi ndimo ilimokuwa ile programu ya kuiamsha kompyuta. Bila hiyo, kompyuta ni sanduku lenye kioo, unaweza kuliwekea maua juu. Watu wa Kisumu waliiita sistimu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nadhani katika barabara yetu yote, kuanzia sokoni Jubilee mpaka stendi, hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kuinunua.

Nikisema kuinunua namaanisha kuinunua yenyewe, kutoka dukani Nairobi, na leseni yake. Kompyuta watu walinunua. Sistimu uliomba. Ilikuwa hivi: kulikuwa na mkebe mmoja mkubwa wa majarini, ndani yake disketi zimefungwa na raba, na mkebe huo ulizunguka mji mzima kutoka duka moja la kupiga chapa hadi lingine, vile sufuria kubwa ya kikundi cha akina mama huzunguka matanga. Ukifungua duka jipya unauliza mkebe uko kwa nani wiki hii. Unaendea, unashukuru, unatumia, unakaa nao mpaka mwingine aje. Hakuna aliyejua nani aliuleta. Na kwa sababu disketi zilikuwa ghali, mtu fulani aliona nafasi imebaki kwenye ile ya mwisho akaweka humo programu ya mazishi, ile ratiba ya ibada inayogawiwa kaburini, ya mzee mmoja wa Seme, pamoja na nyimbo zake zote za kanisani. Basi kila aliyeingiza sistimu alimpata na huyo mzee. Wapiga chapa walifuta jina lake wakaandika la maiti wao, na kazi ilikuwa imekwisha nusu. Mara kwa mara mtu alisahau kufuta mahali pamoja, na familia ikafika kaburini ikakuta wajukuu wa watu wa Seme kwenye karatasi yao. Tulicheka sana na mambo hayo, Mungu atusamehe.

Kaka hakucheka, na hakuutaka mkebe. Alikuwa amefanya kazi mahakamani tangu ujana wake, karani, yule anayesimama chini ya hakimu na kumkabidhi shahidi Biblia au Kurani ili aape. Serikali ilipopunguza wafanyakazi alipunguzwa naye, akapewa kiinua mgongo. Kiinua mgongo hicho ndicho kilichonunua kompyuta, printa, na lile boksi. Nusu ya chumba changu cha ushonaji nikamwachia, tukasaidiana kodi. Alileta pia taipureta yake ya zamani, ile nzito ya chuma, akaiweka chini ya meza. Mimi nilimshonea kitambaa cha kufunika kompyuta, maana nyuzi zangu na vumbi la vitambaa vilikuwa vinaruka kila mahali.

Nilibishana naye, hilo nalikubali bila aibu. Mimi mdomo sijapewa wa mapambo. Nilimwambia mwanamke akipita hapa mlangoni na gauni limemkaa vizuri, nalitazama mara moja, kesho nimelishona, keshokutwa linavaliwa kanisani. Nimemwibia nani? Gauni lake si bado analo? Akanijibu kwamba yule mwanamke mimi sikumwekea sahihi. Yeye amechana bahasha. Alisema kule mahakamani ameona watu wakiapa huku wanatafuna, wakiapa huku wanamtafuta kwa macho mtu wa kumkonyeza, na kila siku aliwaza moyoni kwamba akitoka pale, yeye neno lake litakuwa neno. Nikamwambia haya, neno lako litakupikia ugali. Akarudi kwenye kazi yake.

Na kazi ilikuwepo. Mawakili walimletea viapo na mikataba kwa sababu walimjua. Walimu walimletea mitihani. Mashine yake haikuwa na wadudu, vile virusi vya disketi, ilhali mkebe wa mjini ulikuwa umeshashika ugonjwa. Maduka mengine yalikuwa yanawasha mashine asubuhi yakakuta kila kitu kimeliwa, na Ijumaa, siku ya programu za mazishi, watu walikuwa wanakimbilia kwetu karatasi mkononi. Kaka alikuwa anavimba kichwa kidogo, nami nilianza kufikiri pengine mjinga nilikuwa mimi.

Sasa lazima niwaambie kuhusu mama mkubwa, dada ya mama yetu, aliyeolewa Awasi. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, na mama mkubwa ndiye aliyemchukua kaka akakaa naye mpaka akamaliza shule. Alimvalisha, akamlisha, na akamchapa pia alipostahili. Kaka alikuwa mtoto wake kama wale aliowazaa. Kwa hiyo kijana wake mama mkubwa alipopata kompyuta kutoka kwa mwajiri wake wa zamani na kutaka kufungua duka pale Awasi barabarani, hakuuliza mkebe uko wapi. Aliuliza mkebe wa nini na yeye ana kaka mjini mwenye sistimu safi? Akaja Kisumu na disketi tupu kwenye mfuko wa karatasi na kuku mmoja kutoka kwa mamake.

Kaka alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Kisha akamwambia hapana.

Alimweleza kwa upole, kwa muda mrefu, akamwonyesha na ile karatasi. Kompyuta moja, imeandikwa hivyo. Akamwambia alete kazi zake zote, atampigia bure mpaka ajipange, na wakijaliwa watachangishana wamnunulie yake. Yule ndugu yetu alisikiliza akinywa soda. Hakukasirika. Aliinuka, akaaga, akaniachia mimi kuku. Mtu wa kwetu akiondoka hivyo bila kukasirika, ujue kesi imekwenda mahakama ya juu.

Ilifika kwa mama kabla ya Jumapili. Mama alikuwa anaishi nyumbani Nyakach, si mbali na soko la Pap Onditi, na alikuwa akija mjini na maharagwe na mboga zake, akiuza, kisha anapitia kwa kaka kula kabla ya kurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya kaka kuliko zote. Alikuwa na nyumba ya kupanga mtaani Manyatta, na siku ya mama kuja wifi yangu alipika samaki wa ngege mzima, na kaka mwenyewe ndiye aliyeshika jagi na beseni akamnawisha mama mikono. Alikuwa hakubali mtoto afanye kazi hiyo.

Wiki ile mama alikuja, akaketi, akasalimia kila mtu. Chakula kilipowekwa akasema ameshiba. Wifi akamwambia hata kidogo, mama. Akasema amekula kwake, hana nafasi tumboni. Kaka akasimama na jagi la maji mkononi. Mama akamwuliza habari za mahakama, kana kwamba alikuwa bado huko, kisha akaaga.

Mnaoishi kwingine labda mtasema, mtu kashiba, kuna nini. Kwetu mzazi akikataa chakula cha mwanawe, amesema kila kitu, na hakuna wakili wa kumjibu. Hakulaani, hakugomba. Alikuja wiki iliyofuata na ile nyingine, kila mara ameshiba. Mimi nilimfuata stendi siku moja nikamwuliza. Akaniambia, huku anapanga debe lake, kwamba kutoa ni moyo, na kwamba kama kaka angekuwa ameombwa ng'ombe angemwelewa, maana ng'ombe akitoka zizini zizi linapungua. Lakini kitu ambacho unampa mwenzako na wewe bado unacho? Hata moto jirani haombi akanyimwa. Mtu wa kunyima kitu kisichopungua, akasema, ana kitu kingine moyoni, na chakula cha mtu kama huyo hujui kimepikwa na nini. Nilitaka kumjibu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kaka maneno karibu na hayo.

Kaka alikonda. Nasema kweli, nilimpunguzia suruali kiunoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwambia wee, mpe huyu kijana nakala tuishi, nani atakuja kutoka ng'ambo kukagua Awasi? Akasema hakuna atakayekuja. Hiyo haikuwa shida yake. Alikuwa anawasha mashine, anapiga ukurasa mmoja, anazima, anaichukua ile karatasi ya leseni na kuisoma upya. Niliiona ikianza kuchanika kwenye mikunjo.

Halafu siku moja alikuja amechangamka, amenyoa, akaanza kuongea kabla hata sijatoa kifuniko cha cherehani. Alikuwa amepata njia. Chini kabisa, kwenye maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa kwamba mwenye leseni anaweza kumpa mtu mwingine, moja kwa moja, mradi ampe kila kitu na yeye mwenyewe asibaki na nakala. Alinisomea mara mbili. Alikuwa na uso wa wakili aliyeshinda rufaa, na mimi nikafurahi naye, mpaka nikaanza kuelewa.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nina taipureta."

Nilimwita majina siku hiyo ambayo dada hamwiti kaka yake. Nilimwambia huo si utoaji, huo ni wazimu. Nilimwambia mawakili hawatarudi kwenye taipureta. Akasema akipata fedha atanunua nyingine, na kwamba mama atakula. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama atakula, yakaisha.

Akaenda Awasi mwenyewe na boksi lote chini ya kwapa, karatasi, bahasha iliyochanika na disketi. Akaketi kwenye mashine ya ndugu yetu mchana kutwa akaiingizia sistimu na kumfundisha kuitumia. Mama mkubwa alichinja. Alirudi na mkungu wa ndizi, na bila hata kukaa akaiwasha mashine yake na kufuta kila kitu. Mimi nilikuwa pale. Kioo kikawa cheusi, kikaandika maneno machache kwamba hakioni kitu cha kuanzia, na kaka akakifunika na kile kitambaa nilichomshonea. Kisha akainama, akaivuta taipureta kutoka chini ya meza, akaifuta vumbi. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hasa mama. Hakutaka mama mkubwa aone haya. Zawadi ikielezwa bei, akasema, inageuka deni. Nikakubali, kwa hasira.

Habari zilifika Nyakach upesi kuliko nilivyodhani. Mama akatuma neno kwamba anakuja Jumamosi na kwamba wifi asijisumbue sana. Sisi tulijua maana yake. Wifi alijisumbua kupita kiasi. Alikwenda ufukweni mwenyewe kumchagua ngege, hakumtaka mbuta, mama yetu alikuwa anasema mbuta ni samaki wa wageni. Kaka alivaa shati la mahakamani. Mimi niliingia na kutoka jikoni bila kazi yoyote, nilikuwa na furaha na wasiwasi pamoja.

Mama alifika akitoka jasho, hajapitia hata sokoni. Aliketi. Kaka akaleta jagi na beseni, na mama akanyoosha mikono. Niliyaona maji yakipita kwenye vidole vyake, nikatazama pembeni kwa sababu kaka alikuwa amekaza midomo kama mtoto. Mama akasali. Alimshukuru Mungu kwa kumfungua mwanawe moyo. Akamega ugali, akachovya, akala tonge moja na kipande cha mgongo wa samaki. Akamwambia wifi kwamba chumvi iko sawa.

Halafu akasema jambo lake, kwa sauti ya kawaida kabisa, anatafuna. Mchungaji wa kanisa letu alikuwa na kijana aliyemaliza shule, naye amepata kompyuta, na kwa kuwa sasa kaka ameanza kutoa, mama alikuwa ameshamwahidi mchungaji. Kijana atakuja Jumatatu na disketi zake.

Kaka aliweka tonge lake chini. "Mama, sina tena."

"Huna?"

"Nilimpa ndugu yangu. Sina."

Mama alimtazama. Niliona uso wake unavyofunga, kidogo kidogo. Akasema kumbe wa dada yake hupewa, na wa mchungaji wake, aliyeahidiwa na mdomo wake yeye mama, huambiwa hakuna. Kitu hicho hicho kisichopungua.  Kaka hakutaka kusema, na kusema uongo hakujua. Wifi akaanza kulia pale pale amesimama na bakuli la mboga.

Basi mimi nikasema. Nilifikiri namwokoa. Nilimweleza mama kila kitu, haraka haraka, kwamba ni kweli hana, kwamba alifuta yake ili ampe yule, kwamba siku hizi anapiga taipureta na mawakili wamemhama, na kwamba alifanya yote hayo ili yeye mama ale. Nilimaliza nikiwa nahema. Nilitegemea atamshika kaka mkono.

Mama hakumshika mkono. Mkono wake wa kulia ulibaki juu ya sahani, vidole vina mafuta ya samaki. Alipozungumza, hakuwa amekasirika. Ningependelea angekasirika.

"Kwa hiyo nilichokula umekitoa mdomoni mwako," akasema. "Na dada yangu naye umemlisha hicho hicho, bila kumwambia."

Kaka akasema si hivyo. Mama akasema dada yake alipochinja, alichinja kwa ajili ya mtu aliyegawana naye. Hakujua anachinja kwa ajili ya mtu aliyejivua nguo. Akija kujua, na atajua, atatembeaje sokoni Awasi na mtoto wake amekalia kazi ya mtoto aliyemlea? Mtu akikupa cha mwisho alichonacho na kukuficha, akasema, amekufanya mwizi na wewe unacheka. Kisha akaomba maji. Kaka akaleta jagi, akamnawisha, mara ya pili, na kwetu ukishanawa hivyo chakula kimekwisha, hurudishi mkono kwenye sahani. Ngege alibaki pale, upande mmoja tu umeguswa.

Mama mkubwa alijua, kama mama alivyosema. Alimtuma kijana wake arudishe boksi. Nilikuwepo pia siku hiyo, siku zote nilikuwepo, hiyo ndiyo balaa yangu. Boksi lilikuwa limechakaa tayari. Lilikuwa limeshazunguka Awasi yote na likafika hata Kisian, na katika disketi ya mwisho alikuwemo yule mzee wa Seme na nyimbo zake. Kaka akalishika, akauliza jambo moja tu: umefuta kwako? Ndugu yetu akacheka, si kwa ubaya, akasema afute kwa nini na iko hapa na iko kule na hakuna aliyepungukiwa. Kaka akamrudishia boksi. Alisema hawezi kulichukua kama sistimu bado iko Awasi. Yule kijana alisimama mlangoni na boksi mkononi, kweli haelewi, kisha akaondoka. Kule kwao ikasemwa kwamba kaka amekataa kitu alichorudishiwa na mama aliyemlea, na baada ya hapo hapakuwa na la kuzungumza tena.

Sijui niseme nani alikosea. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi, nikishona, na kila nikifika upande mmoja nauona ule mwingine. Mama alikuwa anajua anachokisema. Kaka naye alikuwa anajua. Hata yule ndugu yetu wa Awasi hakuwa mtu mbaya. Mpaka leo akinipita ananinunulia soda. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningekuwa nimepumzika zamani. Kinachoniuma ni kwamba walipendana wote, na katikati yao palikuwa na kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukishika mkononi.

Duka la kaka lilikufa polepole. Taipureta ilipiga kelele kushinda cherehani yangu lakini kazi ilikuwa ya barua mbili tatu za wazee. Akaiuza kompyuta, na aliyeinunua aliiwasha wiki ile ile kwa mkebe wa majarini. Kaka akapata ukarani kwa wakili mmoja Kericho, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa anamtembelea akiwa Manyatta. Alikaa, aliuliza habari za watoto, aliwabeba. Chakula kikija, ameshiba. Kaka aliendelea kuleta jagi na beseni kila mara, na kila mara alirudi nalo jikoni likiwa na maji yale yale.

Aliugua huko Kericho, wakamleta nyumbani wakati wa mvua ndefu, na hakupona. Hakuwa mzee. Mama alikaa kando ya jeneza bila kulia, akipunga nzi kwa ncha ya leso.

Ni baadaye sana, mama akiwa macho yamefifia na anaishi kwangu, ndipo aliponiambia. Nilikuwa nimempikia ngege, nikamtolea miba kwa sababu hakuiona. Alikuwa anakula vizuri. Mara akaacha, akashika mkono wangu na mkono wake ule wenye mafuta.

"Jumamosi ile kwa kaka yako," akasema, "sikuwa nimeshiba. Nilitoka nyumbani sijatia kitu mdomoni, nilitaka nile kwake mpaka niache mifupa."

Nikamwuliza mbona hakumaliza, mama, mbona. Akasema alikuwa ameshanawa. Akarudisha mkono kwenye sahani yake, akatafuta kipande kingine kwa vidole, nami nikamsogezea.